Stoki inasema nimebakisha mifuko 18446744073709551604 ya simiti, hii namba imetoka wapi?

"Mwalimu habari yako. Niko na hardware ndogo hapa Nakuru upande wa Free Area. Kuna kijana alitutengenezea programu ya stoki na imekuwa ikifanya kazi poa tu. Jumatatu asubuhi nafungua naona simiti imebaki 18446744073709551615. Nikazima nikawasha, bado iko hapo. Tukauza tu na ikaendelea kupungua, leo jioni imefika 18446744073709551604. Fundi wa kompyuta anasema ni virusi na anataka elfu nne afute kila kitu aanze upya. Shemeji yangu anasema namba kama hiyo si ya kawaida, ina mambo ya giza. Kijana wangu wa Form Three aliiweka ile ya kwanza kwa Excel akagawanya kwa mbili ikatoka bila pointi, akagawanya kwa saba ikatoka bila pointi, sasa anasema hiyo ni namba inagawanyika na kila kitu, na mimi naona inaishia na tano! Nani mkweli hapa? Na je, kuna mtu ananiibia simiti?"

Dada asante kwa swali, na asante zaidi kwa kuandika tarakimu zote ishirini vile zilivyo, maana wengi huniandikia tu "imeleta namba kubwa ajabu" na hapo mtu hana pa kuanzia. Wewe umenipa namba mbili kamili, na hizo zinatosha kunieleza karibu kila kitu kilichotokea kwa kaunta yako tangu Jumatatu, mpaka idadi ya mifuko.

Nianze na kile kinakunyima usingizi. Hiyo namba si ushahidi wa wizi. Si virusi pia, virusi havina haja na simiti yako. Na giza hakuna, pole kwa shemeji, hii ni moja ya namba zinazojulikana sana duniani, waalimu wa hesabu tunaijua kama vile wewe unajua bei ya misumari. Kijana wako ndiye amekaribia kitu cha maana, ingawa jibu lake limekosea, na Excel ndiyo imemdanganya, nitafika huko.

Kwanza tukubaliane haiwezi kuwa hesabu ya mifuko. Mfuko ni kilo 50. Mifuko mingi hivyo ingekuwa na uzito wa kama sehemu moja kwa themanini ya mwezi, huu mwezi wa juu mbinguni, na hapo Free Area sidhani kuna stoo inaweza. Hata kuhesabu tu haiwezekani, mashine ikihesabu mifuko bilioni moja kila sekunde bila kupumzika itamaliza baada ya miaka 584 hivi.

Sasa imetoka wapi. Ndani ya kompyuta kila namba inakaa kwa kisanduku chenye nafasi maalum, na kila nafasi inaweza kushika sifuri au moja tu, hizo nafasi tunaziita biti. Kijana aliyekutengenezea programu alichagua kisanduku cha biti 64, na akachagua ile aina isiyo na mahali pa kuweka alama ya kutoa, yaani kisanduku hakijui kitu kinaitwa chini ya sifuri. Simlaumu, wengi hufanya hivyo, wanafikiria mifuko haiwezi kuwa kasoro kumi na mbili so kwa nini uweke nafasi ya kutoa. Kwa hicho kisanduku, namba ndogo kabisa ni biti zote sifuri, na kubwa kabisa ni biti zote moja. Ile ya zote moja ukiiandika kwa tarakimu zetu za kawaida ndiyo 18446744073709551615. Ni mbili ukiizidisha yenyewe mpaka mbili ziwe 64, halafu utoe moja.

Sasa fikiria mita ya kilomita ya gari za zamani, zile zilikuwa na vigurudumu vya tarakimu. Ikiwa inasoma 000000 na uzungushe nyuma kilomita moja, haitasoma kasoro moja, itasoma 999999. Programu yako ilifanya hivyo hivyo tu. Ilikuwa inaamini simiti ni sifuri, mkauza mfuko mmoja, ikatoa moja kwa sifuri, ikazunguka mpaka juu kabisa. Mkauza wa pili ikawa ...614, wa tatu ...613, na kuendelea.

Kwa hivyo siri yote ya kusoma hiyo skrini ni kuchukua 18446744073709551616, yaani ile kubwa kabisa ongeza moja, na kutoa unachoona. Kwa sababu tarakimu za mbele zinafanana huhitaji kutoa zote ishirini, chukua tatu za mwisho tu: 616 toa 604 ni 12. Mmeuza mifuko kumi na mbili ambayo programu haijui mlikuwa nayo. Hiyo ndiyo tafsiri yote.

Na ninakisia, utaniambia kama nimekosea, kwamba kuna lori lilishusha simiti Ijumaa au Jumamosi, karatasi ya delivery ikawekwa mahali chini ya kaunta, na hakuna mtu aliingiza hiyo mifuko kwa kompyuta. Simiti ilikuwa kwa stoo, mteja ameona, mmemuuzia, mashine peke yake ndiyo ilikuwa haina habari.

Usione ni wewe tu. Mwaka 2013 kuna Mmarekani alifungua akaunti yake ya PayPal, ile huduma ya kutuma pesa kwa mtandao, akakuta ana dola 92,233,720,368,547,800. Hiyo namba nayo watu wa kompyuta waliitambua mara moja, ni nusu ya ile yako, mbili zikizidishwa mpaka mbili ziwe 63, ikiwa imesomwa kama senti. Ilirekebishwa na hakubaki tajiri. Na kuna kisanduku kidogo zaidi, cha biti 32 chenye nafasi ya alama ya kutoa, ambacho kinaishia 2147483647. Kompyuta nyingi za zamani zinahesabu saa kwa sekunde tangu mwaka 1970 kwa kisanduku hicho, na kitajaa tarehe 19 Januari 2038, kwa saa za Kenya itakuwa saa kumi na mbili na dakika kumi na nne asubuhi. Hiyo tuiachie wenyewe.

Sasa kwa kijana wako, na hapa naomba umwite akae asome mwenyewe maana hii sehemu ni tamu.

Excel inashika tarakimu 15 tu za namba. Zinazobaki inazifanya sifuri na haikuambii kitu. Aangalie vizuri kile alichoandika, atakuta Excel imebadilisha kuwa 18446744073709500000. Tarakimu tano za mwisho, 51615, zimeliwa. Sasa yeye akagawanya hiyo namba nyingine kwa mbili akapata 9223372036854750000, na ni kweli hiyo inagawanyika, inaishia na sifuri nyingi, lakini si namba yetu. Akigawanya kwa saba Excel inamwonyesha 2635249153387070000 na hakuna pointi, akafurahi. Pointi haionekani kwa sababu hakuna mahali pa kuiweka! Tarakimu 15 zimeisha kabla hata ya kufika kwa mamoja, pointi ingekaa wapi. Kwa ukubwa huo Excel itakuambia kila kitu kinagawanyika na kila kitu. So jicho lako wewe mama lilikuwa sawa kuliko kompyuta: namba inayoishia na tano haigawanyiki kwa mbili, kwisha.

Lakini asikate tamaa, kwa sababu hii namba anaweza kuichunguza kwa kalamu, bila mashine yoyote, na hapo ndipo watu hushangaa. Watu wanafikiri namba ikiwa kubwa basi haijulikani. Ukubwa pekee hausemi kitu, angalia umbo lake. Hii yetu tunajua imeundwa vipi, mbili zikizidishwa mara 64 halafu toa moja, na hilo umbo ndilo linafungua mlango.

Chukua saba. Badala ya kugawanya tarakimu ishirini, fuata masalio. Mbili mara tatu, yaani 2×2×2, ni 8, na 8 ukigawanya kwa saba inabaki 1. Kwa hivyo kila ukizidisha mbili tatu tatu, baki inarudi kuwa 1. Sitini na nne ni tatu mara ishirini na moja, na moja juu. Hizo 21 zote zinabakisha 1, ile mbili moja ya juu inafanya baki iwe 2. Toa moja, inabaki 1. Basi saba haigawanyi, imebakisha moja, na hukushika kalkuleta. Sasa afanye hivyo kwa 17. Mbili nne zikizidishwa ni 16, ambayo ni moja pungufu ya 17. Mbili nane ni 16 mara 16, na moja pungufu mara moja pungufu ni moja kamili, kwa hivyo mbili nane zinabakisha 1. Sitini na nne ni nane mara nane, hakuna ziada, baki ni 1. Toa moja, sifuri. Kumi na saba inagawanya! Na akitaka kuhakikisha jibu la kugawanya ni 1085102592571150095, azidishe kwa 17 kwa kalamu aone.

Tatu na tano nazo ni rahisi, tano unaiona kwa mwisho, na tatu unajumlisha tarakimu: zote ishirini zinafanya 87, na 87 ni tatu mara 29. Tisa haigawanyi kwa sababu 87 haigawanyiki kwa tisa.

Lakini kujaribu moja moja ni kazi ya punda, kuna njia nzuri zaidi na walishafundishwa shuleni, ile tofauti ya miraba miwili. Ukiwa na namba mraba ukatoa moja, unaivunja vipande viwili, moja chini na moja juu. Kwa mfano 256 ni mraba wa 16, so 255 ni 15 mara 17. Na 15 yenyewe ni mraba wa nne toa moja, 3 mara 5. Kwa hivyo 255 ni 3×5×17. Sasa panda ngazi: 65535 ni 255 mara 257, yaani 3×5×17×257. Panda tena: 4294967295 ni 65535 mara 65537. Na panda ya mwisho unafika kwa stoki ya mama: 4294967295 mara 4294967297. Kila ukipanda ngazi unaongeza kipande kimoja kipya, na kila kipande ni cha aina moja, mbili kadhaa ongeza moja: 3, 5, 17, 257, 65537, 4294967297.

Hapo sasa kuna kisa. Pierre de Fermat, Mfaransa, mwanasheria ambaye hesabu ilikuwa ya kupitisha wakati, aliziangalia hizi mnamo 1640 akaona 3 ni namba tasa, yaani haigawanyiki na kitu ila moja na yenyewe, 5 ni tasa, 17 tasa, 257 tasa, 65537 tasa. Akaamini zote zinazofuata ni tasa, milele. Ukiniuliza mimi, nani angemlaumu, tano kwa tano zimetii. Na hiyo ya sita, 4294967297, ni kubwa kuijaribu ovyo ovyo kwa kalamu.

Ikakaa hivyo karibu miaka mia moja mpaka 1732, Leonhard Euler, mwanahesabu Mswisi, akaivunja: ni 641 mara 6700417. Na hakubahatisha. Mambo ni hivi, kwa kufuata masalio kama vile tumefanya kwa 17, unaweza kuonyesha kwamba namba tasa yoyote inayogawanya 4294967297 lazima iwe ni 64 mara kitu, ongeza moja. Hiyo inafuta karibu kila namba. Zile tasa za umbo hilo zinaanza 193, 257, 449, 577, halafu 641. Ya tano tu! Kijana wako akiwa na karatasi na saa moja jioni anaweza kufanya alichofanya Euler, mimi huwapa wanafunzi wangu hapa Kisumu hilo zoezi na huwa kuna mmoja anaruka kwa kiti.

Na akitaka kuona 641 inagawanya bila kugawanya kabisa, hii hapa, na asome polepole. 641 ni 5 mara 128 ongeza 1. Pia 641 ni 625 ongeza 16, yaani 5 nne zikizidishwa, ongeza 2 nne zikizidishwa. Ile ya kwanza inasema, kwa macho ya 641, yaani ukiangalia baki tu ya kugawanya kwa 641, 5 mara mbili-saba (mbili saba zikizidishwa, ile 128) ni sawa na kasoro moja. Izidishe yenyewe mara nne, kasoro inaisha: tano-nne mara mbili-ishirini-na-nane inakuwa moja. Ile ya pili inasema tano-nne ni sawa na kasoro ya mbili-nne. Weka hiyo mahali pa tano-nne: kasoro ya mbili-thelathini-na-mbili ni sawa na moja. Basi mbili-thelathini-na-mbili ongeza moja ni sifuri kwa macho ya 641, maana yake inagawanyika. Mistari minne. Mimi nimeiona mara nyingi sana na bado naipenda.

Je 6700417 nayo inavunjika? Haivunjiki, ni tasa. Kuhakikisha unajaribu tu tasa za lile umbo la 64 mara kitu ongeza moja, mpaka 2588 ambayo ndiyo karibu na kipeuo chake cha pili, na ziko kumi na moja pekee: zile tano, halafu 769, 1153, 1217, 1409, 1601 na 2113. Hakuna hata moja inaingia.

Kwa hivyo jibu kamili la "hii namba inagawanyika na nini" ni hili: 18446744073709551615 ni 3 × 5 × 17 × 257 × 641 × 65537 × 6700417. Tasa saba, kila moja imetumika mara moja. Namba zinazoigawanya, ukihesabu na moja na yenyewe, ni 128, kwa sababu kila moja ya zile saba ama unaichukua ama unaiacha, mbili mara mbili mara mbili mpaka saba. Si kila kitu kinaigawanya, ni hizo 128 tu, kati ya mabilioni kwa mabilioni.

Kuna jambo lingine nalitaja haraka kwa sababu linanifurahisha. Zile tano za Fermat zilizotii, 3, 5, 17, 257 na 65537, mpaka leo hakuna nyingine imepatikana. Carl Friedrich Gauss, mwanahesabu Mjerumani, kabla hajafika miaka 19, mwaka 1796, alionyesha unaweza kuchora umbo la pande 17 zilizo sawa kwa rula na bikari peke yake, na baadaye ikajulikana hizi tasa ndizo zinaamua ni maumbo gani yanachoreka hivyo. Ukizizidisha zote tano unapata 4294967295, ambayo ndiyo idadi kubwa kabisa ya pande ya namba witiri inayojulikana kuchoreka. Na hiyo ndiyo kile kipande cha kwanza tulipovunja stoki yako vipande viwili. Hakuna mtu atachora, lakini inachoreka.

Na majirani wa hii namba hawafanani nayo hata kidogo, hilo pia kijana alijue. Ile ya leo jioni, inayoishia 604, ni shufwa na inagawanyika kwa nne. Lakini kama mngeendelea kuuza bila kuingiza delivery mpaka mifuko 59, skrini ingesoma 18446744073709551557, na hiyo ni namba tasa, ndiyo tasa kubwa kabisa inayoingia kwa kisanduku cha biti 64. Nisingekushauri ungoje kuiona, ingawa mimi ningepiga picha.

Mtu anaweza kuuliza, kama namba ya tarakimu ishirini inavunjwa kwa kalamu, mbona benki wanasema siri zao zinalindwa na namba kubwa? Zao ni tofauti mara mbili. Kwanza ni ndefu, zinazotumika sana zina tarakimu 617. Pili hazina umbo la kukusaidia, zimetengenezwa kwa kuzidisha tasa mbili zilizochaguliwa kwa bahati nasibu. Hakuna ngazi ya kupanda hapo. Yetu ilikuwa na ngazi ndiyo maana tumecheza nayo.

Turudi dukani. Fundi akifuta kila kitu, mambo mawili yatatokea. Utapoteza rekodi zako zote za mauzo, na shida itarudi, kwa sababu haiko kwa mashine, iko kwa vile programu ilivyoandikwa. Siku nyingine lori likija na karatasi ikisahaulika utaona ...615 tena. So hapana, mimi singemlipa. Pengine ameona kitu kigeni na akasema neno la kwanza lililomjia, si lazima awe mwizi.

Lakini pia usiiache hivyo ukisema ni namba tu. Hatari ya kweli ni kwamba programu sasa inaamini una simiti ya kujaza dunia, kwa hivyo ile alama ya kukuambia bidhaa inaisha haitawaka, na wikendi unaweza kubaki bila mfuko hata mmoja na mashine imetulia. Na kama ina ripoti ya thamani ya stoki, hiyo ripoti ya wiki hii ni takataka, mwambie mhasibu asiitumie.

Cha kufanya kwanza ni kuandika pembeni kwa kitabu kila kitu kama kilivyo, na kutoa nakala ya data kwa flash. Halafu uende stoo uhesabu mifuko kwa mkono. Halafu tafuta ile karatasi ya delivery na uingize mifuko iliyokuja, kawaida tu kama vile ungeingiza siku ile. Hutakiwi kurekebisha namba yenyewe. Ule mzunguko wa mita unafanya kazi pande zote mbili: ukiongeza, inapita ile ya juu kabisa na kurudi kwa namba za kawaida yenyewe. Programu zingine hukataa kuongeza kwa sababu zinaona kisanduku kitajaa, yako ikikataa usilazimishe, hapo ni kazi ya aliyeiandika.

Huyo kijana aliyeiandika inabidi umwite hata kama mambo yatajirekebisha. Ana njia mbili. Anaweza kuifanya ikatae kuuza kitu kilicho sifuri, ambayo ni salama lakini itakukera, mteja amesimama na pesa, simiti unaiona kwa macho, na mashine inasema hapana. Au abadilishe kisanduku kiwe cha kukubali chini ya sifuri, hapo ungeona tu -12 na ungejua mara moja kuna delivery haijaingia. Mimi ningechagua ya pili kwa duka kama lako, iwake nyekundu tu kama onyo. Kama mauzo yenu yameunganishwa na eTIMS, ule mfumo wa risiti za kodi wa KRA, asiguse chochote kabla ya kuzungumza na aliyewaunganishia.

Kuna wakati ningesema usinisikize mimi, beba mashine upeleke kwa mtu anayeijua: kama bidhaa ambazo hamjauza nazo zinabadilika namba, kama mafaili yanakataa kufunguka, au skrini inadai pesa. Hapo toa intaneti kwanza halafu ondoka nayo. Kwa vile umeeleza, wewe uko mbali na hayo. Na kijana wako wa Form Three, kama ameonja hii hesabu ya masalio na anataka zaidi, aanze na mwalimu wake wa hesabu shuleni, na kama mna mtu mnayemjua pale Chuo Kikuu cha Egerton, Njoro si mbali na ninyi, idara ya hesabu kuna watu wangefurahi sana kumsikia mtoto wa Form Three akiuliza habari za 641.

Ukiingiza delivery fanya hesabu hii kabla ya kubonyeza. Tuseme lori lilileta mifuko 100. Mmeuza 12, skrini inatakiwa irudi isome 88. Nenda stoo, zikiwa 88 mko sawa na hakuna aliyekuibia. Zikiwa 85, hizo tatu si za kompyuta tena, zitafute kwa risiti, kwa kitabu cha wanaokopa, na kwa yule aliyekuwa zamu Jumamosi.